Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Bilele, Bukoba
Jioni, kabla ya safari yako

Kokushubira, mwanangu,

Umekwenda Nyanga kumuaga shangazi yako, nami nimebaki peke yangu na meza hii. Nataka uifungue barua hii meli ikishaacha gati, si kabla. Ukiisoma hapa nyumbani utaniuliza maswali, nami nitakujibu nusu nusu, kama nilivyofanya maisha yako yote.

Habari za nguo, chakula cha melini na namna ya kuishi na mama yako mdogo huko Mwanza, shangazi yako amekwisha kukuambia na kesho asubuhi atarudia. Mimi nina mambo mengine.

Siku ile uliporudi kutoka kiwandani ukaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, sikukuuliza kilichotokea. Nilikuuliza, "Ni kile chumba cha ubavuni mwa ghala?" Ukanitazama. Tangu siku hiyo umenitazama hivyo mara nyingi, wakati ninapopika, wakati ninaposoma yale magazeti ya zamani yaliyofungiwa dagaa, lakini hujaniuliza nilijuaje.

Nilijua kwa sababu nilikwisha kuingia humo.

Nilikuwa na umri kama wako. Tuliishi Muleba, kwenye kibanja cha nyarubanja. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: migomba na mibuni ilikuwa yetu kwa jasho, lakini ardhi ilikuwa ya bwana mmoja aliyeweza kututoa siku yoyote aliyotaka. Msimu wa kahawa ulipofika nilikuja hapa Bukoba kuchambua buni za Kampuni. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, nilijua kusoma vizuri kuliko makarani wawili watatu wa pale, lakini kazi ya mwanamke ilikuwa moja tu: kukaa kwenye meza ndefu na kutenga punje, nzuri huku, nyeusi huku, zilizovunjika huku. Nyuma yetu mashine ya kukoboa ilinguruma tangu asubuhi. Tulizoea kuongea kwa macho.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Mizani, kwa sababu alipenda kuegemea mzani mkubwa wa mlangoni na kututazama kama tunavyotazama magunia. Sheria ya Kampuni ilikuwa hii: mwanamke akishukiwa kuficha kahawa, apekuliwe kabla ya kutoka. Fikiria, Koku. Tuibe kahawa! Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka katika nyumba isiyo na mibuni hadi mlangoni. Mgeni akitutembelea, kitu cha kwanza tunampa kahawa ya kutafuna. Ni kama kumshuku samaki kuwa ameiba maji. Lakini sheria haikuwekwa kwa ajili ya kahawa.

Sitakuandikia yaliyotokea. Wewe unayajua, na mtu mwingine atakayeiokota barua hii hana haki ya kuyajua. Nitakuandikia kuhusu komeo tu. Lilikuwa upande wa ndani.

Kesho yake nilirudi mezani, maana sikujua pa kwenda. Jirani yangu alikuwa mjane wa Kilutheri aitwaye Marta, mwanamke mkubwa wa mwili na wa ulimi, ambaye hata mashine ile haikumshinda kwa kelele. Tulimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya, maana alikuwa kama mama yetu sote. Alinitazama, kisha akasema:

"Wewe binti wa Muleba, mbona leo unachambua kama kipofu? Umetia nyeusi kwenye nzuri."

"Kichwa kinaniuma, Mawe."

"Kichwa hakimfanyi mtu akae upande upande."

Nikainamisha uso. Aliendelea kuchambua, vidole vyake havikusimama hata kidogo, na bila kunitazama akasema, "Hata mimi kiliniuma kichwa hicho hicho. Msimu uliopita. Na huyo anayekaa mbele yako, usimtazame, kilimuuma majuzi." Kisha akacheka kicheko ambacho sijakisahau. "Tuna meza nzima ya wagonjwa wa kichwa, na kila mmoja anadhani anaumwa peke yake."

Hapo ndipo nilipoanza kupata nafuu, mwanangu. Sikuonewa huruma. Nilipewa hesabu kamili ya mambo.

Tulichofanya hakikuwa na ujanja. Msimu ulikuwa umepamba moto, meli ilikuwa gatini ikisubiri magunia, na kahawa isiyochambuliwa haipakiwi. Asubuhi moja tuliingia kama kawaida, tukakaa kwenye meza zetu kama kawaida, tukaweka mikono mapajani. Meza yetu kwanza, kisha ya pili, kisha zote. Bwana Mizani alikuja akipiga kelele. Alipoona kelele hazisaidii akaanza kubembeleza. Akamwendea Marta.

"Mama, kuna nini leo?"

"Bwana," Marta akasema, "leo tunaumwa kichwa."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, kila karatasi yenye maandishi iliyopita mikononi mwangu. Sijasoma jibu linalozidi hilo.

Sasa nifike mahali ambapo nataka usome polepole.

Kampuni ile ilidharau kila kitu chetu. Ilidharau ndizi zetu, ilidharau lugha yetu, ilidharau namna tunavyopiga magoti kusalimu. Lakini ilipobanwa, ilituma watu kwenda kuuliza wazee: Wahaya wakikosana, wanapatanishwaje? Wakaambiwa ukweli. Mkosaji hupeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwa aliyekosewa. Wa nyumba ile wakinywa, neno limekufa, na anayelifufua ndiye anayekuwa mkosaji. Ni desturi nzuri kati ya watu wanaochota maji kisima kimoja. Imezuia damu nyingi. Katika desturi zetu zote Kampuni ilijifunza hiyo moja, na ilijifunza vizuri sana.

Basi vibuyu vikaanza kutembea. Havikuletwa kwetu tuliokuwa mezani. Vilipelekwa kwa baba zetu.

Nilipofika Muleba, kibuyu kilikuwa kimekwisha kuwekwa katikati ya nyumba, kimezibwa kwa jani la mgomba, na mjumbe wa Kampuni amekaa karibu na mwenye ardhi yetu. Ndiyo, mwenye ardhi alikuja mwenyewe. Alikaa tu, akitazama migomba yetu kupitia mlangoni, kama mtu anayechagua atakaoukata kwanza.

Nilipiga magoti mbele ya baba. "Tata waitu, usinywe."

Babu yako alikuwa mtu mpole. Alipenda kupogoa mibuni yake alfajiri, akizungumza nayo kama watoto. Alinitazama mimi, akamtazama yule mwenye ardhi, akawatazama wadogo zangu waliokuwa wamesimama kwenye kizingiti. Kisha akachukua mrija akanywa. Alikunywa kwa macho yaliyofumbwa. Nilikasirika naye miaka mingi, na nilipokuja kuacha, alikuwa kaburini. Usimhukumu. Alidhani ananunua paa.

Nilikwenda hata hivyo kwenye baraza la gombolola, lililoamua kesi za wenyeji, Marta pembeni yangu. Mkubwa wa baraza hakutaka hata kunisikiliza.

"Binti, nyumba yenu imekunywa. Unataka nini tena?"

"Waitu, aliyekunywa ni Tata," nikasema. "Bwana Mizani hakumpeleka Tata chumbani."

Watu walicheka. Wakacheka kwa nguvu, kisha kidogo, kisha wakaacha. Nilisimama pale mpaka kicheko kikaisha chote. Kesi ilifungwa vilevile. Na kabla msimu haujaisha mwenye ardhi akatutoa, kwa sababu binti wa nyumba iliyokunywa alikuwa amefungua mdomo mbele ya watu. Babu yako alikunywa ili tusifukuzwe, na tukafukuzwa. Hilo ndilo lote ninalotaka kukwambia kuhusu bei ya kukubali.

Ndivyo nilivyotoka Muleba. Tulikwenda Nyanga, kwenye kipande cha shamba la familia moja ya Kikatoliki waliotupokea bila kuuliza, Mungu awakumbuke. Baadaye nikaolewa na baba yako, ambaye alijua kila kitu na hakunitaka nisahau wala nikumbuke kwa amri yake, nikahamia hapa Bilele. Sijarudi. Mara moja nilipita kwa lori. Mgomba wa kwanza karibu na njia, ule ambao kitovu changu kilizikwa chini yake, ulikuwa na mkungu, na mtoto nisiyemjua alikuwa ameuegemea akila muwa. Dereva aliniuliza kama nashuka. Nikasema bado. Nimekuwa nikisema bado tangu wakati huo. Ninajua harufu ya kibanja kile baada ya mvua, ninajua jiwe ambalo mama alinolea kisu, na ninajua upande gani maji yalipita yakienda bondeni. Mtu aliyehamishwa hubaki na ramani ambayo haimfikishi popote.

Lakini sikukaa niandike ili kulilia migomba. Nataka kukueleza kosa letu, sisi wa meza ile, maana kosa hilo ndilo limekufikia wewe.

Kampuni iliona kuwa vibuyu vimewanyamazisha akina baba, lakini havikurudisha mikono yetu kazini. Meli bado ilikuwa inasubiri. Basi wakafanya jambo la pili. Walimwondoa Bwana Mizani. Hawakumshtaki, hawakumtaja kwa lolote, walimpandisha meli tu na masanduku yake, kwenda kwenye kiwanda chao kingine ng'ambo ya ziwa. Tulimsindikiza hadi gatini kwa vigelegele. Tuliimba! Marta alicheza hadi kitambaa kikamwanguka kichwani. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Jumatatu tukarudi mezani tukachambua.

Tulidai mtu aondoke, akaondoka. Chumba hakikuondoka. Sheria ya upekuzi haikuondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza komeo limebaki mikononi mwa nani. Wala hatukuwauliza wanawake wa ng'ambo ya ziwa walipokewaje na mtu tuliyewapelekea kwa nyimbo.

Ndiyo maana baba yako alipofariki na ada ya shule ikakosekana, nilikuruhusu uende kuchambua kahawa. Niliamini kwamba tulikwisha kushinda. Na ndiyo maana nilikijua kile chumba kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo wewe na wenzako wawili mlipokataa kumshtaki msimamizi peke yake, mkasema mnaishtaki Kampuni iliyojenga chumba na kukiwekea sheria, mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Ulidhani ninaogopa. Sikuogopa. Nilikuwa nimesikia neno ambalo meza yetu nzima ilishindwa kulitamka, na limetamkwa na mtoto wangu.

Huko Mwanza itakakosikilizwa kesi yenu, kwenye ofisi yao kuu, watakupa yule msimamizi. Watampeleka mbele yenu kama mbuzi wa sherehe, watasema ni mbaya, wamemfukuza, wanasikitika. Msimpokee. Mtu huyo ana kesi yake, na aijibu. Ninyi ulizeni habari za mlango. Watakuuliza pia kama ulipiga kelele. Waulize mashine ya kukoboa inapiga kelele kiasi gani, na kwa nini chumba kilijengwa ubavuni mwake. Usichokijua sema hukijui. Ukitaka kulia lia, lakini usilie kwa sababu wanasubiri ulie.

Na watasema kwamba nyumba yetu ilikunywa. Hapo ndipo unapotakiwa kujua kilichotokea leo, ulipokuwa Nyanga.

Mchana alikuja baba yako mdogo, Rwegasira, akifuatana na karani wa Kampuni. Nyuma yao vijana wawili walibeba kibuyu. Nilikitambua kabla hakijatua chini. Jani lile lile la mgomba, Koku. Baada ya miaka yote hiyo bado wanaziba vizuri.

Sikumpa karani kahawa ya kutafuna. Alisubiri, akatazama mikono yangu, akaelewa.

"Mama Koku," akaanza, "Kampuni inasikitika. Imeona ifuate heshima ya kwenu."

"Kampuni ina koo?" nikamwuliza.

"Sijakuelewa, mama."

"Anayeomba radhi hunywa wa kwanza, kuonyesha hakuna sumu. Ndiyo heshima ya kwetu. Sasa ilete Kampuni hapa, ikae kwenye mkeka huu, inywe."

Rwegasira alikohoa. Unajua lori lake hubeba magunia yao. "Shemeji, tusiwe na maneno mengi. Marehemu kaka hayupo, mimi ndiye ninayesimamia nyumba hii. Mtoto ana maisha mbele. Nani atamwoa mtu aliyesimama kortini? Nanywa mimi, jambo linaisha, na safari yenyewe haina haja."

"Unanywa kwa niaba ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ndiyo iliyofungiwa chumbani, Rwegasira?"

Mkono wake ulikuwa umekwisha kuchukua mrija, na nikamwona Tata. Nakuambia kweli, nilimwona Tata amekaa pale, macho amefumba. Zamani nilipiga magoti. Leo sikupiga. Nilisokota majani makavu ya mgomba nikafanya ngata, nikaiweka kichwani, nikawaambia wale vijana waliokileta, "Nitwikeni." Walimtazama karani, wakanitazama mimi. Walinitwika. Labda kwa heshima, labda kwa hofu tu.

"Shemeji!" Rwegasira akaita nikiwa nimefika barabarani, mrija bado mkononi. "Unakwenda wapi na pombe ya watu?"

"Kwa wenyewe!"

Bilele yote ilikuwa nje. Yule mama anayeuza ndizi pale njia panda akaniuliza, "Mama Koku, umeanza kuuza rubisi uzeeni?"

"Hii haiuzwi, dada. Inarudi."

"Inarudi wapi?"

"Kampuni."

Akaacha ndizi zake. Nilimsikia nyuma yangu akimwambia mwenzake, na mwenzake akimwambia mwingine, na nilipofika kwenye kona ya soko sikuwa natembea peke yangu. Karani alinifuata pembeni akininong'oneza nikitue, ananionea huruma, mzee kama mimi. Nilimwambia awahurumie waliomtuma.

Tulifika langoni wakati wanawake wanatoka zamu. Walikuwa wamejipanga kusubiri upekuzi, mstari mrefu kando ya ghala. Askari wa lango akanizuia. "Mama, unaingiza nini?"

"Ninyi mnapekua wanaotoka. Mimi naingia."

Nikakitua pale pale, katikati ya lango, mahali ambapo lori haliwezi kupita. Nikang'oa jani ili kila mtu aone kilivyojaa. Nikasema kwa sauti niliyojifunza kwa Marta, juu ya mashine yao: "Nyumba ya Kokushubira haikunywa! Hesabuni wenyewe!"

Hakuna aliyepiga kigelegele, na nilifurahi. Ila msichana mmoja mwembamba, aliyekuwa mbele ya mstari, alikitazama kibuyu, akautazama mlango wa kile chumba, kisha akatoka kwenye mstari. Akapita kando ya kibuyu hadi barabarani, bila kukimbia. Askari akamwita. Hakugeuka. Wa pili akafuata. Kisha mstari wote ukaondoka ukutani, ukanipita mmoja mmoja, na wengine waligusa bega langu. Jioni hii hakuna mwanamke aliyepekuliwa. Kesho sijui. Lakini leo hakuna.

Kwa hiyo wakili wao atakaposimama kusema kwamba kwa mila yetu jambo lilikwisha, mjibu kwamba kibuyu kilirudi kimejaa, mama yako alikibeba mwenyewe, mchana, na Bilele ilikuwa nyuma yake. Kama anataka mashahidi, ziwa si pana sana.

Ninasikia sauti yako njiani, unacheka na shangazi yako. Nitakunja karatasi hizi niziweke chini ya kitenge chako. Usiku huu nitakuwa mama wa kawaida, nitakusumbua ule zaidi. Shingo inaniuma kwa uzito wa kile kibuyu. Kichwa, mwanangu, hakiniumi hata kidogo.

Mama yako,
binti wa Muleba